Raba ya tela hufia kiangazini

Kila mwisho wa Oktoba nawaambia wateja wangu hapa Kizota walete matela. Wananicheka, maana Dodoma wakati huo hata wingu la kusingiziwa halipo. Januari wanarudi na godoro limelowa, wananiuliza "fundi, mbona imevuja ghafla?" Haikuvuja ghafla. Raba ilishaliwa na jua na vumbi tangu Julai.

Nasemea matela yenye chumba cha droo: ukiegesha unakivuta kinachomoza ubavuni, ukiondoka unakirudisha ndani. Wageni wanaopita kwenda Arusha au Iringa wanalala humo. Mama mmoja wa Ipagala, yeye lake ni jiko la chipsi. Mahali pa kutazama ni raba inayozunguka fremu ya droo.

Toa droo nje yote. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, pitisha kwenye raba taratibu, hasa ule ulimi unaopangusa paa la droo. Kitambaa kitatoka chekundu kama umefutia tofali. Hilo vumbi ni msasa: kila ukivuta droo linakwangua raba. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, acha ikauke, kisha pulizia silikoni ya maji ya kulainisha raba. Grisi usipake, inakamata vumbi upya. Na ile oili chafu ambayo vijana wa gereji wanaipenda kwa kung'arisha, usiikaribishe kabisa. Raba za aina hii zikinywa mafuta zinavimba na kulegea. Nalijua kwa sababu nililifanya mwenyewe, kwenye tela la huyo mama. Raba ikawa inavutika kama bigijii, nikanunua nyingine kwa hela yangu, na chipsi za bure zikakoma.

Sasa pima. Kata ukanda wa karatasi, ubanishe kati ya raba na ukuta droo ikiwa imekaa mahali pake, halafu uvute. Ukikaza, pako sawa. Ukichomoka bila ubishi, weka alama ya chaki hapo. Zunguka kote, shubiri kwa shubiri, droo ikiwa nje na ikiwa ndani, kwa sababu raba inayobana ukiifunga si ile inayobana ukiitoa. Pembe mbili za juu zina lawama zaidi, pale raba inapoungana. Ziba kiungo chenyewe kwa silikoni ya kuzibia, tone tu. Ukiupaka ulimi wote utakakamaa.

Ukimaliza, mwagia maji kwa mpira wa bustani, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Anza chini, panda juu pole pole. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yalikoingilia.

Mvua ikianza, Desemba hivi mpaka Aprili, kazi inayobaki ni paa la droo. Tela la mama linakaa chini ya mwarobaini. Siku moja nilipanda ngazi nikaona kijiti cha jani, chembamba kama njiti ya kiberiti, kimelala chini ya ulimi. Kimeuinua kidogo tu, na tone baada ya tone lilikuwa linapenya hapo kuelekea kwenye gunia la viazi. Kwa hiyo kabla ya kurudisha droo: fagia, kisha pangusa. Ukiirudisha imelowa, unayabeba maji mwenyewe kuyaingiza ndani. Turubai la kuikinga juu linasaidia, ila likaze na liinamie nje.

Sakafu nayo usiisahau. Gusa ukingo wa plaiwudi chini ya droo kwa ncha ya bisibisi. Ikididimia kama kwenye mkate, habari ya raba iweke kando kwanza, mtafute seremala.

Mama siku hizi ana ufagio wa mpini mrefu, umetundikwa kando ya dirisha la kuuzia. Kijana wake aliutumia kufagilia maganda ya viazi, nikasikia ugomvi wake mpaka barabarani.