Anza na Pampu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Jenereta ya Nyumba Kubwa

Kabla ya kuulizia bei dukani, pita nyumbani kwako chumba hadi chumba na daftari. Tuchukue nyumba ya watu kumi na wawili Dar es Salaam, yenye kisima uani. Friji na friza mbili hula kama wati 450, taa 20 za LED wati 200, feni sita wati 360, televisheni na chaji za simu wati 250, kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 wati 1,200, na pampu ya kisima ya hosipawa 1.5 kama wati 1,600. Jumla ni wati 4,060. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachukua jenereta ya wati 5,000 wakidhani wamejiwekea akiba.

Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mara tatu au zaidi ya ule inaotumia ikishashika mwendo. Pampu hiyo itataka wati 4,800 kwa muda mfupi, na nyumba nzima itafika wati 7,260. Jenereta ikizidiwa, taa hufifia, mlio wa injini huzama, na pampu huvuma tu bila kuzunguka. Ikirudiwa mara kadhaa, waya za ndani ya mota huungua, na kuivuta pampu kutoka kisimani ni gharama nyingine. Nyumba hii inataka jenereta ya kVA 10 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta). Soma kibandiko cha mashine yenyewe, si maandishi ya boksi: kVA 10 yenye pawa fakta (sehemu ya kVA inayotumika kama wati) 0.8 ni wati 8,000, na namba inayofaa kuhesabia ni ile ya kazi ya mfululizo, si ya kilele. Hita ya kuogea, pasi na birika la umeme hazimo kwenye hesabu hii, na zisiwashwe jenereta ikiwa kazini.

Usiende kVA 20 kwa kujihami. Injini ya dizeli ikikaa muda mrefu na mzigo ulio chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote, na masizi yenye mafuta hujaa kwenye bomba la moshi. Usiku, friji, friza na feni hazifiki hata wati 1,000, kwa hiyo hata kVA 10 ni kubwa kwa saa hizo. Tunapendelea inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) na betri zake kwa ajili ya usiku, jenereta iwashwe saa za kujaza tanki la maji na kugandisha friza. Kwa kazi hiyo chagua dizeli ya mizunguko 1,500 kwa dakika. Ile ya 3,000 ina kelele zaidi na huchakaa mapema. Kwa mzigo wa nusu tenga lita moja na nusu hadi mbili kwa saa.

Vifaa vyako vikiwa vya njia moja (laini moja ya umeme na nyutro), nunua jenereta ya njia moja. Ya njia tatu hugawa nguvu zake mara tatu, na pampu yetu ingekuta chini ya wati 2,700 kwenye njia yake. Isingewaka.

Kuunganisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. kVA 10 ya njia moja hutoa ampea kama 43, hivyo inataka waya wa shaba wa milimita za mraba 10 na chenjiova (swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa gridi na jenereta) ya ampea 63 yenye nafasi tatu, ya kati ikiwa imezimwa. Chenjiova ikae baada ya mita ya LUKU, ikate laini na nyutro pamoja. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili ni hatari kubwa: umeme hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi aliyepanda kutengeneza.

Mashine ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, kamwe si barazani wala stoo. Kaboni monoksidi iliyomo kwenye moshi wake haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kila mwezi iwashe nusu saa, kiyoyozi na pampu vikiwa kazini. Betri ya kuwashia jenereta ndiyo hugoma kwanza. Ifungie chaja ndogo ya kudumu, kisha safisha vichwa vyake, maana hewa ya pwani huviotesha ukoga wa kijani upesi.