Kuaga Ujerumani baada ya masomo: anayeondoka ndiye anayealika

Kwetu msafiri huagwa: ndugu na jamaa hukusanyika, wakapika, naye akaketi kupokea dua. Ujerumani mambo ni kinyume. Anayeondoka ndiye anayealika na kulisha wenzake, na kazini au maabara jambo hilo lina jina lake, Ausstand. Ukisubiri wenzako wakuandalie, wao watasubiri mwaliko wako, na utapanda ndege kila upande ukidhani mwenzake hakujali.

Maabara au ofisini, keki mbili zatosha. Andika barua pepe wiki moja kabla ukitaja siku, saa na chumba, na chagua saa ya kahawa ya mchana, si Ijumaa jioni wakati wengi wameshakwenda zao. Marafiki waalike mapema zaidi, wiki tatu au nne kabla, kwa sababu kalenda zao hujaa. Kwa Waswahili wenzako andika saa kwa tarakimu, 18:00. Ukiandika saa kumi na mbili, yuko atakayekuja adhuhuri. Mjerumani aliyeambiwa 18:00 atabisha hodi 18:00, basi chakula kiwe tayari. Akikuuliza alete nini, mtajie kitu: saladi, juisi, mkate. Ukimwambia "njoo tu", kila mmoja ataleta keki.

Kwa wageni 20, pilau ya kilo 2 za mchele na kilo 2 za nyama inatosha, ikiwa kuna kachumbari na vitu vingine mezani. Usiipike kwenye sufuria moja kubwa. Jiko la umeme lina sahani ndogo kuliko kitako cha sufuria hiyo, kwa hiyo katikati huungua na pembeni hubaki mbichi. Gawa sufuria mbili za kilo moja moja. Maji yakikaribia kukauka, funika kwa karatasi ya alumini na uingize kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 20. Ndiyo kupalia makaa kwa huko. Angalia tu vishikio visiwe vya plastiki. Pika pia maharage ya nazi na wali mweupe katika vyombo vyao, maana hukosi wasiokula nyama. Maduka hufungwa Jumapili, kwa hiyo manunuzi yaishe Jumamosi. Siku tatu kabla bandika tangazo kwenye ngazi za jengo, na ikifika 22:00 muziki ushushwe; ndipo saa za kimya zinapoanza.

Profesa umuage katika saa zake za kupokea wanafunzi, si kwenye korido. Barua ya kukupendekeza iombe wiki sita kabla, ukiambatanisha wasifu wako, matokeo, na unakotaka kuomba kazi au masomo. Watumishi wa vyuo vya umma wamewekewa mipaka ya kupokea zawadi, kwa hiyo usimtwishe kitu cha thamani, na usipeleke chochote kabla alama hazijatoka. Kadi uliyoiandika kwa mkono ndiyo inayotunzwa. Mpe na anwani yako binafsi ya barua pepe, kwa sababu ile ya chuo hufungwa baada ya kufutwa usajili. Hamisha barua zako mapema.

Kanga ni zawadi nzuri na nyepesi kubeba, lakini soma jina lake kabla ya kununua. Mpokeaji atauliza maana, na nyingine ni vijembe. Iandike tafsiri kwenye kikaratasi.

Na maneno? Kwa mnayeitana du, ile "wewe" ya kirafiki, "Mach's gut" inatosha. Kwa wa Sie, ile ya heshima, sema "Alles Gute" na umpe mkono. "Leb wohl" iache, ina uzito wa watu wasiotarajia kuonana tena. Uangalifu zaidi unahitajika kwenye "karibu nyumbani". Kwetu ni ukarimu wa mdomo na wa moyo pamoja. Wao wanaweza kuuliza mwezi gani, kisha wakakata tiketi. Ukiwa unamaanisha, taja mji na msimu unaofaa. Kama hujajua utaishi wapi, sema hivyo hivyo.

Haya yote huharibika kwa sababu moja: makaratasi yaliyoachwa hadi wiki mbili za mwisho. Anza miezi mitatu kabla.

La kwanza ni nyumba. Kwa mkataba wa kawaida usio na ukomo, notisi ni miezi mitatu, na barua lazima imfikie mwenye nyumba kufikia siku ya tatu ya kazi ya mwezi. Ikifika tarehe 2 Aprili unatoka 30 Juni. Ikifika tarehe 10 unalipa hadi 31 Julai. Barua pepe haitoshi, inatakiwa karatasi yenye sahihi yako ya mkono. Mabweni ya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, yana masharti yake, soma mkataba. Kuleta mpangaji wa kukurithi kunasaidia mwenye nyumba akikubali, ila kwa kawaida halazimiki.

Dhamana, yaani Kaution, inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto na huduma nyingine, na hupotea kwa vitu vidogo. Ziba matundu ya misumari, zima friji siku moja kabla iyeyushe barafu, ondoa chokaa bafuni kwa siki. Piga picha kila chumba, andika namba za mita, hesabu funguo, na msaini wote wawili karatasi ya makabidhiano. Mwenye nyumba anaweza kukaa na fedha hiyo miezi kadhaa, na sehemu yake akaishikilia hadi hesabu ya joto ya mwaka itoke. Kwa hiyo usifunge akaunti ya benki siku ya kuondoka. Wala usiache kulipa kodi ya mwisho ukidai dhamana itafidia, hairuhusiwi.

Kujiondoa kwenye daftari la wakazi, Abmeldung, hufanyika kuanzia wiki moja kabla ya kuhama hadi wiki mbili baada yake. Chukua cheti chake na nakala tatu. Bima ya afya na kampuni ya simu hukiuliza. Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, haikomi yenyewe: ijulishe ofisi yake, la sivyo deni linaendelea kukua nyuma yako. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma, isitishwe kufikia tarehe 10 ili ikome mwisho wa mwezi huo.

Usiondoke bila cheti, orodha ya alama na Diploma Supplement ya Kiingereza, yaani maelezo ya shahada yako, pamoja na nakala zilizothibitishwa. Tume za vyuo vikuu, TCU Tanzania na CUE Kenya, ndizo zinazotambua shahada za nje, na kuvifuatilia vyeti kutoka mbali ni kazi ndefu.

Watu watakuletea vifurushi vya kuwapelekea ndugu zao. Pokea hadi siku tatu kabla, si uwanja wa ndege, na fungua kila kimoja mbele ya mwenyewe. Betri za akiba huingia kwenye mkoba wa mkononi tu. Fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi hutangazwa forodhani.

Ukiwa ulifanya kazi na ukakatwa mchango wa pensheni, tunza hati za mishahara na namba yako ya hifadhi ya jamii. Raia wa nchi zisizo na mkataba wa pensheni na Ujerumani, Tanzania na Kenya zikiwemo, huweza kuomba kurudishiwa sehemu waliyokatwa wao, miezi 24 ikishapita tangu kuacha kuchangia na wakiwa wanaishi nje ya Umoja wa Ulaya. Fomu ni V0901. Weka tarehe hiyo kwenye simu kabla hujapanda ndege.