Nyama choma ya kufunga mwaka na wenzako wa kazini: mwongozo wa mchomaji wa Dar

Kazini kwetu tupo kama watu 20, na kila Desemba tunafunga mwaka uani kwa mmoja wetu, Mbezi au Kigamboni, na mimi ndiye ninayeshika koleo. Kwangu mimi shughuli imefana pale ambapo hakuna aliyelazimika kuuliza "hii nyama gani?" kabla ya kutia mdomoni. Kwa hiyo naanza na watu, kisha ndipo moto.

Hatua ya 1: Wajue walaji

Wiki moja kabla, pitia majina. Nani Mwislamu, nani Msabato, nani daktari kamkataza nyama nyekundu, nani hanywi pombe. Usiulize kwenye kundi la WhatsApp. Mfuate mtu pembeni, umuulize kwa heshima.

Mwaka wangu wa pili tulichoma mbuzi na kitimoto. Nilitenga majiko mawili, lakini koleo lilikuwa moja. Dada mmoja wa uhasibu alinitazama nikigeuza mbavu za nguruwe, kisha nikalishika paja la mbuzi kwa koleo lilelile. Hakusema neno. Aliirudisha sahani mezani taratibu, akafungua soda, akakaa na soda hiyo mpaka watu wanaondoka. Kesho yake nilimfuata kumwomba radhi, akanisamehe, ila sahani ile tupu bado naiona. Tangu siku hiyo kitimoto siweki kabisa kwenye shughuli ya ofisi, na mbuzi wangu lazima awe amechinjwa kisharia. Wewe ukiamua kuweka, basi iwe na jiko lake, koleo lake, ubao wake, kisu chake na mtu wake wa kuihudumia.

Hatua ya 2: Nyama

Piga hesabu ya nusu kilo ya nyama yenye mfupa kwa kila mtu. Kwa watu 20 mimi huchukua mbuzi kilo 6, mnofu wa ng'ombe wa mishkaki kilo 2, na kuku wawili. Mbuzi nanunua machinjioni Vingunguti alfajiri, nikihakikisha nyama ina mhuri wa ukaguzi. Mwambie muuzaji asikukatie vipande: mguu ubaki mzima, ubavu ubaki mzima. Vipande vidogo vinakauka kabla havijaiva. Beba na boksi la barafu, maana joto la Desemba hapa linapita nyuzi 30, na nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa moja.

Mbuzi hahitaji viungo, chumvi inamtosha. Mishkaki ndiyo ya kulaza: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, chumvi, na vijiko viwili vya papai bichi lililokwanguliwa. Papai hulainisha nyama kweli, lakini ukiilaza nyama nalo usiku kucha utaamkia nyama iliyolegea kama uji. Saa mbili basi.

Hatua ya 3: Moto

Hapa usiwe na haraka. Msimu huu upepo wa kaskazi unatoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo jiko likae kusini-magharibi ya viti, moshi uende zake. Vuli nayo bado inaweza kukushtukiza, hivyo funga turubai juu ya wageni. Jiko usiliingize ndani ya chumba wala hema lililofungwa, mvua inyeshe isinyeshe: mkaa hutoa gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo inaua.

Washa saa 10 jioni kwa vifuu vya nazi. Mafuta ya taa sahau, harufu yake inakwenda mpaka kwenye nyama. Ngoja mkaa uvae jivu jeupe, kama dakika 40, kisha usogeze mwingi upande mmoja. Sasa una moto mkali huku na moto wa pole kule. Pima kwa kuweka kiganja juu ya wavu huku ukihesabu sekunde: ukishindwa kuvumilia kabla hujafika tatu, huo mkali, ukifika sita, huo wa pole.

Hatua ya 4: Kuchoma

Miguu na mbavu zianze upande wa pole, mfupa ukitazama chini. Kila dakika 15 geuza, na unyunyize maji ya chumvi kwa shada la mchaichai lililopondwa ncha. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikapanda, isogeze nyama. Ukimwaga maji, jivu linarukia chakula. Mguu wa mbuzi unataka saa moja na nusu hadi mbili. Umeiva nyama inapoanza kuachia mfupa, nawe ukichoma kisu karibu na mfupa yatoke maji yasiyo na damu. Ufunike dakika 10 kabla ya kukata.

Kuku naye upande wa pole, karibu saa nzima. Mishkaki iwe ya mwisho, moto mkali, dakika 10 hivi. Ndizi mzuzu ziweke pembeni na maganda yake.

Hatua ya 5: Vinywaji na kachumbari

Weka mabeseni mawili: bia kwenye moja, soda, maji na juisi ya ukwaju kwenye lingine, ili asiyekunywa asipekue chupa za bia kutafuta maji. Barafu changanya na maji na kikombe cha chumvi, chupa zitapoa haraka zaidi. Bia nazitoa nyama ikishaanza kuliwa. Kwa waliokunywa, pesa ya bajaji itoke kwenye mchango uleule.

Kachumbari ikatwe dakika za mwisho, pilipili ikae kando.

Hatua ya 6: Kukata

Saa 1 usiku, waliokwenda kuswali magharibi wamesharudi. Lalisha mguu ubaoni, fuata mfupa kwa ncha ya kisu, kisha kata ukipinga nyuzi, vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Chumvi kidogo pembeni, kipande cha ndimu. Sahani ya kwanza mpelekee mlinzi getini, ya pili mama anayetufanyia usafi ofisini, ingali inafuka moshi, halafu ndipo umwite bosi.