Somo: Picha ya sura kwa flashi moja na mwavuli

Vifaa: kamera yenye modi M (unayopanga kila kitu mwenyewe), lenzi ya 50 mm au 85 mm, flashi ya kupachika, triga ya kuiwasha kwa mbali, stendi, mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, na manila nyeupe. Mpige rafiki, si mteja; rafiki atakaa bila kutazama saa. Mpe stuli, mita 2 kutoka ukutani.

1. Ua mwanga wa chumba. ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), shata 1/125 (sehemu ya sekunde inayokaa wazi), tundu la lenzi f/5.6. Piga picha flashi ikiwa imezimwa: picha itoke nyeusi tii. Kikionekana chochote, kuna balbu au dirisha linaingilia. Balbu ya njano ikichanganyika na flashi, shavu moja litatoka la chungwa na hutalisawazisha bila kuharibu la pili. Mizani ya rangi iweke kwenye flashi au kelvini 5500, usiiache kwenye auto.

2. Washa flashi, modi M, nguvu 1/8 ya nguvu yake yote. Mwavuli uwe mita 1 kutoka usoni, nyuzi 45 pembeni, juu kidogo ya macho, umeinamishwa. Uso ukiungua kwa mwanga shusha hadi 1/16, ukiwa na giza panda hadi 1/4. Shata usiiguse: mwako wa flashi ni mfupi mno kuliko shata, kwa hiyo utabadilisha mwanga wa chumba tu.

3. Sasa zungusha stendi polepole kuelekea usawa wa sikio, na kila baada ya shibiri moja piga picha. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kivuli cha pua kitarefuka, kitateremka kuelekea kona ya mdomo, kisha kitagusana na kivuli cha shavu. Kwenye shavu la gizani itabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho. Wapiga picha huiita Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Isizidi upana wa jicho wala isishuke kupita pua. Kisha kagua jicho la upande huo: likikosa nukta ya mwanga, taa imepanda mno au imepitiliza pembeni. Bila nukta hiyo jicho huonekana limekufa, hata mtu akicheka.

4. Rudisha mwavuli nyuma hadi mita 2. Umbali umekuwa mara mbili, mwanga unabaki robo, hivyo flashi itoke 1/8 hadi 1/2. Uso utang'aa vilevile ila vivuli vitakuwa na kingo kali. Ukuta nao utapanda mwanga: mwanzoni ulipata sehemu 1 ya 9 ya mwanga wa uso, sasa unapata robo. Anayetaka ukuta mweupe uwe wa kijivu kizito asogeze taa karibu, asikimbilie kununua pazia.

5. Manila ishikwe upande wa kivuli, nusu mita kutoka shavuni. Ikisogea karibu, kivuli kinafunguka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, picha zangu zina mstari mweusi chini. Flashi imekufa?
Jibu: Nzima hiyo. Umepita kasi ya shata inayoendana na flashi. Kamera nyingi huishia 1/200 au 1/250. Zaidi ya hapo pazia la shata huwa limeziba sehemu ya picha flashi inapowaka. Rudi 1/160, maana triga za bei ya chini huchelewa kidogo.

Swali: Rafiki yangu ni mweusi sana. Nikiongeza flashi paji linang'aa kama limepakwa mafuta, nikipunguza uso unapotea.
Jibu: Nguvu si dawa, dawa ni ukubwa wa mwanga. Ngozi nyeusi huonyesha umbo kwa mng'ao kuliko kwa kivuli. Sogeza mwavuli hadi sentimita 70, shusha flashi hadi 1/16, uzungushe mpaka mng'ao utue kwenye mfupa wa shavu. Jasho lifutwe kwa tishu, na poda isiyo na rangi ipite kidogo. Ila ukimmwagia mwanga mpaka awe maji ya kunde, umepiga mtu mwingine.

Swali: Na mwenye miwani?
Jibu: Pandisha taa, kisha inua vipini vya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viinamie chini. Mwavuli ukiendelea kuonekana kwenye kioo, ageuze uso kidogo mbali na taa.

Swali: Stendi yangu imeanguka mara mbili.
Jibu: Zima feni, mwavuli unashika upepo. Mguu mmoja wa stendi uelekee upande ulioegemea mwavuli, na dumu la maji la lita 5 lifungwe kwa kamba katikati, likigusa sakafu.