Nionyeshe mstari: jinsi ya kumnoa mtoto wa Gaokao kwenye ufahamu wa Kiingereza

Ukikaa China kidogo na majirani wakishajua Kiingereza kwako si shida, iko siku utagongewa mlango na mama mwenye mtoto wa gaosan, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, na utaombwa umsaidie kwenye ufahamu maana Gaokao, ule mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, ni Juni na siku hazimsubiri mtu. Mi ilinikuta hivo hivo. Na nikaanza vibaya, nikadhani kazi ni kumpa mapepa mengi, afanye, tusahihishe, tusonge mbele. Dogo akapata maswali 11 kati ya 15. Wiki ya tatu 11. Mwezi wa pili 11, mezani kuna mlima wa karatasi na maksi ziko pale pale utadhani zimepigwa gundi.

Nilichokuja kugundua ni kwamba alikuwa anachagua majibu kwa hisia. "Naona kama ni B." Siku nilipoacha kumuuliza jibu ni lipi nikaanza kumwambia nionyeshe mstari, weka kidole kwenye maneno yaliyokufanya useme B, ndo mambo yakaanza kusogea. Karibu kila kitu nachoandika hapa kinazunguka hapo hapo.

Ila kwanza ulijue pepa lenyewe. Kiingereza ni maksi 150, dakika 120, na mikoa mingi wanalifanya tarehe 8 Juni kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja. Kwenye muundo mpya wa kitaifa, huu ambao mikoa mingi iko nao sasa hivi, kusikiliza ni maksi 30, kusoma 50, kujaza mapengo na sarufi 30, kuandika 40. Yaani kusoma peke yake ni theluthi ya pepa zima. Hizo 50 zenyewe ziko hivi, vifungu vinne A, B, C na D vyenye maswali 15, namba 21 mpaka 35, kila swali maksi 2.5, afu kuna kitu wenyewe wanakiita qi xuan wu, saba chagua tano, kifungu kimoja kimetobolewa mapengo matano na chini yake kuna sentensi saba, nako kila pengo ni 2.5. Beijing, Shanghai na Tianjin wana mapepa yao tofauti, kwa hiyo kabla hujaprinti chochote muulize mtoto anafanyia mtihani mkoa gani, na usiulize anasoma wapi, uliza anafanyia wapi, kwa sababu wapo wanaosoma mji mmoja wakati usajili wa familia, ile hukou, uko mkoa mwingine na mtihani mara nyingi wanarudi kufanyia kule. (Kiingereza chenyewe ni chaguo tu, unaweza kufanya Kirusi, Kijapani, Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, Kiswahili bado hawajatukumbuka. Ila walio wengi mno wanachukua Kiingereza.)

Vifungu navyo havilingani uzito. A mara nyingi ni tangazo, ratiba, maelezo ya makumbusho au kozi, maswali matatu, hapo mtoto anatafuta tu taarifa kama mtu anayetafuta basi lake stendi. B mara nyingi ni stori ya mtu. C na D ni maelezo, sayansi, jamii, tabia za watu, utafiti fulani, na D ndo inawaliza wengi.

Sasa mazoezi. Wiki tatu za kwanza ficha saa kabisa. Najua watoto wa gaosan wanaishi kwa saa, wanatoka darasani wanaingia prepu ya usiku, ukimwambia asome kifungu kimoja kwa nusu saa anakuona kama unamchezea, lakini mbio za mtu asiyejua njia zinampeleka mbali na anakokwenda. Vifungu viwili kwa siku vinatosha. Anasoma, anajibu, na kila jibu anaandika pembeni namba ya mstari au anapigia msitari maneno yenyewe, hata kwa yale anayoona ni rahisi, hasa hayo. Akikosa mstari wa kuonyesha aweke alama ya kuuliza, hilo hata akipatia tunalihesabu kakosa, maana kaotea.

Kwenye kusahihisha ndo watu wengi wanaharibu. Usimpe majibu! Mwambie tu, "hapa umekosa mawili", usiseme yapi, arudi mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine akayatafute. Utashangaa mara ngapi anakwenda kubadilisha la sahihi na kuliacha la uongo, na hapo wewe ndo unaona kichwa chake kinafanyaje kazi kuliko ungemsomea majibu mia. Akishamaliza mwambie sasa niambie kwenye kila swali yale machaguo matatu mengine yamekufa kwa kosa gani. Kujua B ni sahihi haitoshi, A, C na D lazima kila moja iwe na cheti chake cha kifo.

Na vifo vyenyewe havina aina nyingi, ukishazijua unaziona kila pepa. Kuna chaguo linalobeba maneno yale yale ya kwenye kifungu ila limeyapanga upya, hili linawanasa sana watoto wenye haraka kwa sababu jicho likiona neno linalolijua linafurahi, wakati jibu sahihi mara nyingi limesema kitu kile kile kwa maneno mengine kabisa. Kuna lililoongezwa chumvi, kifungu kinasema "Some of the volunteers stayed", chaguo linasema wote walibaki, au limechomekwa "only", "never", "always" mahali ambapo mwandishi hakuweka. Kuna lililogeuza mambo, sababu imekuwa matokeo, au maneno ya profesa kapewa mwanafunzi wake. Kuna ambalo ni kweli tupu duniani, kila mtu analikubali, mazoezi ni mazuri kwa afya, sijui kusoma kunafungua akili, lakini kifungu hakijalisema popote, na watoto wenye akili ndo wanaokufa hapa kwa sababu wanajua mambo mengi. Na kuna baya kuliko yote, ni kweli na liko kwenye kifungu, ila swali halikuuliza hilo.

Mwache azipe majina yake mwenyewe. Dogo wangu lile la chumvi alikuwa anaandika kwa herufi moja ya Kichina inayomaanisha chumvi, basi, anajua. Hayo majina yaingie kwenye cuotiben, daftari la makosa, karibu kila mwanafunzi kule analo. Ila angalia anavyolitumia maana wengi wanakata swali zima na kulibandika kwa gundi na rangi tatu, daftari linapendeza kama albamu ya harusi na halifunguliwi tena. Mi nilimwambia mstari mmoja kwa kosa: tarehe, kifungu, mtego gani, basi. Baada ya wiki mbili unahesabu. Wa kwangu makosa zaidi ya nusu yalikuwa ya aina mbili tu, maneno yale yale na chumvi. Hapo unajua unatibu ugonjwa gani.

Kuna ishu moja ambayo sisi Waswahili tunaweza tusiione kabisa. Kwenye Kichina maelezo ya kitu yanatangulia kitu chenyewe, yaani ni kama useme "wanakijiji-walilojenga-baada-ya-mafuriko daraja". Kwetu sisi tunasema daraja ambalo wanakijiji walilijenga, Kiingereza nacho kinafuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo kwetu inateleza tu na tunashindwa kuelewa dogo anakwama wapi. Mpe hii: "The bridge that the villagers built after the flood still carries trucks." Mtoto aliyechoka anafika mwishoni anakwambia mafuriko bado yanabeba malori, sikutanii, kilichomwingia ni neno la karibu na kitenzi. Dawa yake ni kuchukua penseli na kuzungushia ukuta, kuanzia "that" mpaka "flood" ni chumba cha ndani, kifunge, sasa soma kilichobaki nje, daraja bado linabeba malori. Sentensi tatu ndefu kwa siku za kwenye kifungu D, azungushie kuta, aseme kwa sauti nani kafanya nini. Dakika tano tu, na mimi naamini hili lilimsaidia kuliko karatasi nyingi za sarufi alizokuwa anapewa.

Msamiati usikupe presha sana. Wana orodha yao maarufu ya maneno 3,500, na wana utani wao kwamba kila mtu analijua neno "abandon" kwa sababu ndo la kwanza kwenye kitabu na wengi wanaishia hapo hapo, wanalitelekeza. Maneno magumu kweli yaliyo nje ya orodha mara nyingi pepa lenyewe linayawekea maana ya Kichina pembeni. Yanayoua ni yale mepesi anayodhani anayajua. "Address" anajua ni anwani, kwenye kifungu ni kushughulikia tatizo. "Fine" ni faini. "Book" ni kuweka nafasi. "Cover" inaweza kuwa ni mwandishi wa habari anaripoti tukio au mtu katembea kilomita kadhaa. Yaandikeni haya na sentensi yake nzima, neno peke yake likikaa kwenye orodha linarudi kuwa anwani. Na lile swali la neno lililopigiwa mstari lina maana gani, mwambie alizibe neno kwa kidole, asome sentensi ya kabla na ya baada, aseme kwa Kichina pale pangekaa nini, ndipo aangalie machaguo.

Watu wanabishana sana asome maswali kwanza au kifungu kwanza. Mi msimamo wangu, A maswali kwanza. B soma kama stori mpaka mwisho. C na D soma maswali tu bila machaguo yake, ndo uende kwenye kifungu. Kwa nini bila machaguo? Kwa sababu katika kila manne, matatu ni uongo uliotengenezwa na watu wenye akili, ukiyasoma kabla ya kifungu unaingia humo ukiwa umeshadanganywa mara tatu. Maswali ya kichwa cha habari au wazo kuu yaachwe mwisho, akishajibu mengine ya kifungu hicho anakuwa ameshakielewa nusu.

Saba chagua tano ni mchezo wa viungo. Sentensi ikiwa na "they" au "these", lazima kabla yake kuwe na hao wenyewe, kwa wingi. Ikiwa na "another", kuna cha kwanza kilishatajwa. Pengo likiwa mwanzo wa aya mara nyingi linataka sentensi pana inayobeba aya nzima, likiwa mwisho linataka ya kufunga au ya kuvusha. Akimaliza asome aya nzima na sentensi ndani yake. Angalizo hapa, ukiiweka sentensi pasipo pake umeinyang'anya pengo lake halali, makosa yanakuja mawili mawili, maksi 5 zimeondoka kwa uzembe wa dakika moja.

Wiki ya nne rudisha saa, taratibu. Kusikiliza kunakula kama dakika 20, kuandika kunataka 40 au zaidi, kwa hiyo kusoma kote kukae kwenye 35 hivi: A dakika 5, B 7, C na D 8 kila kimoja, saba-tano 7. Akizidisha mwanzoni asikatwe, aandike tu kazidisha ngapi na wapi. Mapepa halisi ya miaka iliyopita, zhenti, usiyachome mapema. Yapo machache yenye muundo huu na maswali yake yametengenezwa kwa umakini, kila jibu lina mstari wake. Yale ya majaribio yanayouzwa kwa rundo mengine maswali yake hata mimi nimekaa nayo sijaona mstari, unabaki kubishana na karatasi. Kwa hiyo ya kuuzwa yatumieni kwa kuzungushia kuta na msamiati, zhenti ziwe za kupima, na iliyofanywa ikae mwezi afu irudiwe. Mapepa ya muundo wa zamani, yale swali lilikuwa maksi 2, vifungu vyake bado vinafaa kabisa.

Dogo hakuwa malaika baada ya hapo. Alipata 14, wiki iliyofuata 12, akanuna, akarudi 13. Lile la 12 tulipokaa kulipekua makosa yote matatu yalikuwa kwenye D na yote alikuwa ameandika alama ya kuuliza, yaani alijua hajui, nikamwambia hilo ni tofauti kabisa na 11 za zamani ambazo hakujua zimetoka wapi.

Mwezi wa mwisho zoezi la kupima lifanyike saa tisa mchana. Watoto wengi kule wamezoea kulala kidogo baada ya chakula cha mchana, na Kiingereza kinaangukia muda ambao kichwa bado kina usingizi, kwa hiyo Jumapili aamke kwenye hicho kiusingizi, anawe uso, akae mezani saa tisa kamili na penseli ya 2B. Ajaze vile vidirisha vya majibu kila anapomaliza kifungu, asingoje mwisho. Na akibaki na machaguo mawili hajui lipi, asiyasome tena hayo machaguo, arudi kwenye kifungu. Akirudi mara moja na mstari hauonekani, achague lenye chumvi ndogo kuliko mwenzake, aweke alama, aende zake kifungu kinachofuata.