Fizi ya implanti imevimba? Matibabu ya mwanga yanaendaje

Ukiona fizi karibu na implanti (jino bandia lililofungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya) inatoa damu au usaha, nenda kwa daktari wa meno upigwe eksirei kwanza, maana lazima ijulikane kama mfupa umeshaanza kuliwa. Usikimbilie mwanga tu. Kwanza ule uchafu uliogandia kwenye skrubu unakwanguliwa vizuri, na hapo ndo kazi kubwa ilipo, mwanga ni msaidizi tu jamani. Baadae anaweka rangi ya bluu, mara nyingi methilini bluu, mpaka ndani kabisa ya mfuko wa fizi (ule uwazi kati ya fizi na implanti), inaachwa dakika kadhaa ishike bakteria, ya ziada inasuuzwa, halafu anamulika kwa mwanga mwekundu wa kama nanomita 660, rangi inapopata mwanga inatengeneza oksijeni kali inayoua bakteria hapohapo. Vaa miwani ya kinga, usiivue. Kama una aleji au unatumia dawa yoyote, hasa doksisaiklini ambayo inafanya ngozi isivumilie mwanga, sema mapema. Na zile taa za kung'arishia meno za mtandaoni hazitibu hii kitu, achana nazo. Ukirudi home piga mswaki taratibu, sigara weka pembeni, na rudi kupimwa ule mfuko.