Mbwa wako akizaa, hesabu makondo

Nafuga mbwa wa kulinda hapa Katuba, Lubumbashi. Watu wanaochukua majike kwangu hunipigia simu usiku uzazi unapoanza, na swali lao halibadiliki: "Mama, mbwa anatoa maji ya kijani, si usaha huo?" Nami kabla ya kujibu huuliza: mtoto wa kwanza ameshatoka, au bado? Akiwa ameshatoka, tulieni. Akiwa bado, tafuteni gari. Nitaeleza kwa nini, maana ukilielewa kondo la nyuma, mambo mengi ya usiku ule utayaelewa bila kuambiwa na mtu.

Wengi wetu tumeona mbuzi akizaa. Kondo la mbuzi lina vinundu vingi vilivyotawanyika juu ya ngozi nyembamba. La mbwa ni tofauti kabisa: ni mkanda mmoja mnene, mwekundu mweusi, unaomzunguka mtoto tumboni, na kila mtoto ana wake. Paka yuko hivyo hivyo, na simba na mbweha pia. Ndani ya mkanda huo, ngozi za upande wa mtoto hula ukuta wa mji wa mimba mpaka zifike kwenye mishipa ya damu ya mama, kisha husimama hapo. Mishipa yenyewe hubaki mizima. Kwa binadamu kondo huendelea mbele zaidi, likaoga ndani ya damu ya mama, na fisi madoa naye yuko upande wetu katika jambo hilo. Wanyama wengine walao nyama hawafiki huko.

Sasa rangi. Kwenye kingo mbili za mkanda, damu kidogo ya mama huvuja na kutuama. Kondo huzimeza chembe nyekundu za damu hiyo ili mtoto apate madini ya chuma, na kinachobaki ni rangi ya kijani kibichi iliyokolea. Kwa hiyo kijani si usaha. Ni alama kwamba ukingo wa kondo umebanduka mahali fulani. Baada ya mtoto wa kwanza, kijani ni kitu cha kawaida kabisa. Ukikiona kabla yake, maana yake kuna mtoto ambaye kondo lake limeanza kubanduka akiwa bado ndani, hewa yake inapungua, na njia haijafunguka. Hapo usisubiri asubuhi. Kwa paka rangi hiyo ni ya kahawia, kwa hiyo usimtafutie kijani.

Tuanze basi tangu mwanzo. Andika tarehe ya kupandwa ukutani au kwenye simu, popote usipoweza kuipoteza. Mimba ya mbwa ni siku 63 ukihesabu tangu yai kutoka, lakini ukihesabu tangu kupandwa inaweza kuwa kati ya 57 na 72, kwa sababu mbegu za dume hukaa hai siku kadhaa zikisubiri. Usitishike siku ya 64 ikipita kama mbwa ni mchangamfu na anakula. Paka wengi huzaa kati ya siku ya 63 na ya 67.

Je, ana mimba kweli? Usiamini matiti. Jike asiyebeba naye hutoa maziwa na kuchimba shimo la kuzalia, kwa sababu baada ya joto homoni ya projesteroni hukaa juu kwa majuma mengi, awe amebeba au hapana. Homoni inayotofautisha ni relaksini, na hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na kondo lenyewe. Ndiyo maana kipimo chake cha damu husoma vizuri kuanzia kama siku ya 28, kondo likishakomaa. Ekografi huona mapigo ya moyo kuanzia kama siku ya 25. Mimi napenda zaidi picha ya eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ikishaonekana vizuri, kwa sababu hiyo hukupa idadi. Usiku wa uzazi, kujua kwamba wako saba kunazidi dawa yoyote utakayonunua.

Chakula: bukari (ugali) na ndakala (samaki wadogo wakavu) vitamshika mbwa wa kawaida, lakini katika majuma matatu ya mwisho ongeza ndakala, mayai au nyama, na umpe kidogo kidogo mara nyingi kwa sababu tumbo halina nafasi. Usimpe vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba, hata mtu akikuambia vinaimarisha mifupa ya watoto. Mwili ukizoea kupewa husahau kuchota wenyewe, kisha siku za kunyonyesha jike anatetemeka na kukakamaa. Hilo ni jambo la kufa na kupona.

Kuanzia siku ya 57 mpime joto asubuhi na jioni kwa kipimajoto cha kawaida, kikipakwa mafuta kidogo, njia ya haja kubwa. Kawaida yake ni kama 38. Likishuka chini ya 37, uzazi mara nyingi utaanza ndani ya saa 24. Huanza kuhema, kukataa chakula, kuchana matambara. Awamu hiyo inaweza kuchukua saa 12 na zaidi, mwacheni, hasa watoto wa jirani wasijae mlangoni.

Andaa kasha pana, vikwembe vilivyochakaa vilivyofuliwa, uzi, iodini, mkasi uliochemshwa, glavu, tochi yenye betri mpya kwa sababu ya umeme wetu, na kalamu. Ikiwa ni Juni au Julai, usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo hawezi kujipasha joto. Jaza bidoni maji ya moto, ikunje kwa kikwembe, iweke pembeni ya kasha. Mbabula, yaani jiko la makaa, usiuingize katika chumba kilichofungwa. Moshi wa makala usioonekana huua watoto, mama yao, na wewe pamoja nao.

Mtoto anapotoka huwa ndani ya chupa yake. Mama huipasua, hukata kitovu kwa meno na kumlamba. Asipofanya hivyo kwa dakika moja, pasua chupa wewe puani kwanza, pangusa mdomo, msugue mgongoni kwa kitambaa kikavu mpaka alie. Funga kitovu kwa uzi kama sentimita 2 kutoka tumboni, kata upande wa mbali, tia iodini. Akija matako kwanza usiogope, karibu wanne katika kumi huja hivyo.

Kisha kondo. Mara nyingi hufuata ndani ya robo saa, lakini wakati mwingine hutoka watoto wawili, halafu makondo mawili kwa pamoja. Kila mtoto akitoka piga mstari upande mmoja wa karatasi; kila kondo likitoka, upande wa pili. Uwe na jicho kali, kwa sababu mama hulimeza kabla hujageuza shingo. Akila moja au mawili haidhuru. Akila yote ataharisha. Hayo mengine yatoe kwa glavu uyafukie kwa kina. Glavu nasisitiza: kuna ugonjwa wa bruselosi ya mbwa unaotupisha mimba, na majimaji ya uzazi huuambukiza kwa watu. Na kamwe usivute kondo lililoning'inia. Ukivuta linakatika, kipande kinabaki ndani, nawe umelianzisha tatizo ambalo halikuwepo.

Mpigie daktari wa mifugo mbwa akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au zikipita zaidi ya saa mbili na unajua bado wamo. Mji wetu una kitivo cha tiba ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa hiyo madaktari wapo. Tafuta namba mapema, si saa nane usiku. Lakini usikubali mtu amchome oksitosini aliyoinunua famasi bila kumpima. Mtoto akiwa amekwama, sindano ile inabana mji wa mimba juu ya kitu kisichopita: unaweza kupasuka, na makondo ya wale walio nyuma yanabanduka kabla ya zamu yao.

Hesabu isipolingana, usihangaike mara moja. Pima joto la mama kila siku kwa juma zima. Kondo lililobaki hujitangaza: uchafu wa kijani kibichi cheusi unaoendelea baada ya siku moja, harufu mbaya, joto kupita 39.5, mama kuwatupa watoto. Hapo ni daktari. Uchafu wa rangi ya matofali usionuka, unaopungua kwa majuma matatu, ni wa kawaida. Jike kijana wa uzazi wa kwanza anaweza kudondosha damu kidogo hata baada ya miezi miwili, kwa sababu pale mikanda ilipokuwa hapajapona. Kwa kawaida hupona penyewe, ila daktari aangalie fizi zake zisiwe nyeupe.

Kwa watoto kuna mambo mawili yanayotokana na kondo hilo hilo. Kinga ya mama haipiti humo kwa wingi, ni asilimia 5 hadi 10 tu. Iliyobaki iko kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na utumbo wa mtoto huipokea siku ya kwanza peke yake. Kila mmoja anyonye, hasa yule mdogo anayesukumwa pembeni. Minyoo, kinyume chake, inapita: ile ya duara humfikia mtoto wa mbwa akiwa bado tumboni. Dawa ya minyoo ianze wakiwa na majuma mawili, irudiwe kila baada ya majuma mawili mpaka waache kunyonya, na mama apewe siku hizo hizo. Watoto wa paka huipata kwa maziwa, si kwa kondo, nao waweza kuanzia juma la tatu.